Nimelipa elfu sabini kwenda kuitafuta "reli ya Mjerumani", haya ndo niliyokutana nayo

Nianze na bei mana najua wengi mtaishia hapo. Ni elfu sabini kwa kichwa mkiwa sita, mkipungua bei inapanda, mkizidi mnabanana. Ndani yake kuna usafiri wa Noah kutoka Mtwara mjini, maji chupa moja, chakula cha mchana, na Mwalimu. Soda haimo, na hili la soda nitalirudia huko mbele kwa sababu bado linaniuma.

Jamaa hawana ofisi wala bango. Ni kijana mwenye gari lake na mwalimu mstaafu wa sekondari, mzee wa miaka sabini na kitu, ndo huyo nitakayemuita Mwalimu mpaka mwisho. Niliwapata kwenye stetasi ya shosti wangu, picha ya tuta limejaa majani, chini yake imeandikwa NJOO UONE RELI ILIYOPOTEA, nikasema hii ni yangu kabisa.

Kwa nini ni yangu? Mimi mtoto wa Chikongola, Mtwara mjini, msingi nimesoma hapahapa, na kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma kimening'inizwa kwenye mwembe kwa mnyororo wa baiskeli, kinagongwa kwa nondo. Chuma chenyewe kilikuwa na kichwa kinene juu, shingo nyembamba, halafu chini kimetanuka kama kimekanyagwa. Siku moja nikamuuliza bibi kile ni chuma gani, akanijibu ni reli ya Mjerumani, akaendelea kuchambua mchicha wake. Basi nimeishi na hilo jibu miaka yote, mpaka nimewahi kubishana na mtu kazini Dar aliyesema kusini hakujawahi kupita treni, nikamwambia ilikuwepo baba, ya Mjerumani, akanyamaza. Kumbe kwenye ubishi ule nilikuwa na haki nusu tu.

Tuliambiwa saa moja kamili asubuhi tuwe tumefika. Tumeondoka saa mbili na nusu. Kwanza dereva alikuwa hajajaza mafuta, pili abiria mmoja alikuwa bado yuko saluni (saluni, Jumamosi asubuhi, na safari ni ya porini), tatu Noah yenyewe ilikataa kufunga mlango mmoja mpaka upigwe teke sehemu wanayoijua wenyewe. Tulikuwa sita, mimi, shosti, dada wa saluni, mtu na mkewe waliotoka Masasi, na kaka mmoja wa Lindi aliyekuja kubishana. Simsemi vibaya, ubishi wake ulisaidia kuliko mnavyofikiri.

Kituo cha kwanza ni hapahapa mjini, barabara ya kuelekea bandarini, na ndani hamuingii, mnasimama nje tu na kuangalia geti kama mnaosubiri mtu atoke. Dada wa saluni akaguna, ndo nini sasa hiki. Mwalimu akamsikia, wala hakukasirika, akatugeuza tukaangalia barabara badala ya bandari. Akasema mmewahi kujiuliza kwa nini barabara za Mtwara ni pana hivi na viwanja vimeachana hivi wakati watu wenyewe hatujai? Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kujiuliza, nilidhani mji wote uko hivyo. Akasema huu mji ulichorwa uwe mkubwa, ulichorwa kwenye karatasi na watu waliokuwa wanategemea mzigo ambao haukuja. Mzigo gani? Karanga.

Hapo ndo nikajua hela yangu haijapotea.

Kwa ambao kama mimi hili walilipita shuleni mkiwa mnasinzia: vita ya pili ya dunia imeisha, Uingereza mafuta ya kupikia hakuna, watu wanapimiwa kwa kadi. Mwaka 1946 bosi mmoja wa kampuni ya United Africa, anaitwa Frank Samuel, akatoa wazo kwamba Tanganyika ilimwe karanga, ila sio za kulima kwa jembe la mkono kama anavyolima bibi, walime kwa matrekta, mamilioni ya ekari. Serikali yao ikatuma watu kuja kuangalia, wakaangalia, wakasema inawezekana, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Walianzia Kongwa kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa karibu, lakini kwenye mpango sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa iwe huku kwetu, Nachingwea. Shida ya huku ilikuwa moja, hakuna bandari ya kina na hakuna reli. Kwa hiyo wakaamua wajenge vyote viwili. Bandari ya Mtwara na reli ya kusini ni watoto wa tumbo moja, na mama yao ni karanga.

Mwalimu alikuwa anasimulia hivi gari linatembea, yeye amekaa mbele kageuza shingo, mkononi ana kifuko cha karanga mbichi zenye maganda ambacho mwanzo nilidhani ni kifungua kinywa chake. Tulipofika Mikindani akamwambia dereva asimamishe. Akashuka, akachukua karanga moja akaichomeka kwenye mchanga mkavu pembeni ya barabara, akaifukia kwa kidole, akaitoa. Ikatoka kirahisi. Halafu akasogea pale magari yanapogeuzia, udongo umeshindiliwa mgumu kama sakafu, hapo alikuwa na kashimo kameshachimbwa, nadhani kila safari anakatumia hakohako, akaichomeka, akaikandamizia tope la maji ya chupa, akasema hii tutaiangalia tukirudi. Jioni tuliporudi tope lilikuwa limekauka kwa jua. Akamuambia dada wa saluni aing'oe. Dada akavuta, kikonyo kikakatika kikabaki mkononi, karanga ikabaki chini, na ukucha wa elfu kumi na tano ukaenda. Mwalimu akasema Kongwa ndo ilivyokuwa, udongo wa mfinyanzi, mvua ikikata unakuwa kama tofali, na karanga zao zimo ndani ya tofali. Nimesoma mengi kuhusu mradi huu tangu nirudi, ila kwangu mimi hakuna palipoeleza kuliko ule ukucha.

Hapohapo Mikindani ndo kesi ya Mjerumani ilipoamuliwa. Unajua pale kuna Boma, jengo jeupe juu, Mjerumani kalijenga 1895, liko wazi kila mtu analiona. Mwalimu akasema Boma hili ndo limetuharibia hesabu, kwa sababu ni kubwa na ni la zamani na ni la Mjerumani kweli, basi kila kitu cha zamani tunampa yeye, daraja ni la Mjerumani, kisima cha Mjerumani, mwembe wa Mjerumani. Kaka wa Lindi akadakia, lakini mzee, babu yangu mwenyewe kanambia reli ni ya Mjerumani. Mwalimu akamuuliza, vita ya Mahiwa unaijua? Akasema anaijua, ni kwao kule, Mjerumani na Mwingereza kwenye vita ya kwanza ya dunia, Oktoba 1917. Baada ya Mahiwa Mjerumani alikwenda wapi? Akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Lini? Novemba hiyohiyo. Sasa reli imefunguliwa 1949, Mjerumani alirudi lini kuijenga?

Kaka akakaa kimya mpaka tumeipita Mikindani yote.

Mimi nikamfikiria bibi na mchicha wake. Miaka thelathini na mbili ndo imeachana hapo katikati, mtu anazaliwa, anaoa, anazaa, na sisi tumevifunga vyote kwenye furushi moja.

Sasa tuje kwenye tuta lenyewe, mana ndo lililopo kwenye picha ya tangazo. Kutoka barabara kuu mnaingia kushoto njia ya vumbi, gari linaachwa kwenye nyumba ya mtu, mnatembea kama nusu saa ndani ya mikorosho. Sitataja kijiji mana mwenye shamba alituomba tusitaje, hataki kila mtu aje na bodaboda yake. Tuta mwanzoni hulioni. Unatembea unaona ardhi tu imeinuka kidogo, unapanda, unageuka nyuma, ndo unagundua umesimama kwenye kitu kilichonyooka, kimenyooka kabisa yaani, mbele na nyuma, wakati njia zote za shambani zinapinda kufuata miti. Mikorosho imepandwa kulia na kushoto na mingine imepandwa juu yake. Chini ya majani makavu ukifukua kwa kiatu unakuta kokoto, na huko mchanga mtupu, kokoto hazioti zenyewe. Mwalimu anakuachia ufukue wewe, hakuelekezi. Nilifukua kama mtoto.

Mbele kidogo kuna kalavati. Zege, limekatika kona moja, ndani yake maji yametuama kidogo na chura. Nikaingiza mkono nikapapasa ukuta wa ndani, na pale zege lilipomwagwa bado kuna alama za mbao, michirizi ya mti kabisa, unahisi kwa vidole mpaka jicho la ubao. Fundi alipiga mbao hapo, akamwaga zege, akazibomoa akaenda zake, na mbao zimebaki kama sura. Nilikaa hapo mpaka wakaniita mara mbili.

Reli zenyewe hakuna. Zilishang'olewa zamani baada ya njia kufungwa, na vipande vilivyobaki mikononi mwa watu, Mwalimu anasema, wa vyuma chakavu wamevipitia mwaka hadi mwaka wanapima kwa kilo. Mataruma ya chuma machache bado unayaona, nyumba tuliyoacha gari ina mawili yamesimama kama nguzo za banda la kuku, na mama mwenye nyumba alishangaa sana kuona watu wazima wanapiga picha banda la kuku.

Na sasa malalamiko, kubwa kuliko yote. UPUPU. Hakuna mtu aliyetuambia tuvae suruali ndefu na mikono mirefu. Mimi nimevaa gauni la safari, zuri, linafika magotini, na pembeni ya tuta lile upupu umejaa, na mimi niliyekuwa naparamia kalavati nimepita katikati yake. Mtu ambaye hajawahi kushikwa na upupu sina namna ya kumueleza, mtu ambaye ameshashikwa hahitaji maelezo. Nilijikuna mpaka machozi. Kijana wa gari akaja na tope la kalavati akasema paka hapa dada, nikapaka, ikatulia kiasi, nimezunguka siku nzima mguu mmoja wa tope. Hili ni kosa la wazi, ujumbe mmoja tu wa WhatsApp "vaeni suruali" ungetosha, nimewaambia, wamesema wataongeza. Tutaona.

Chakula ni Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi na Masasi. Samaki wa kukaanga, ugali wa muhogo, mchuzi wa nazi, na pilipili ya kusaga na limau. Samaki alikuwa wa moto na ameiva mpaka mifupa midogo inaliwa, ugali ulikuwa umeshapoa ukapasuka juu, ila mchuzi ukaokoa. Walikuwa na ming'oko pembeni, ile mizizi ya kuchimbwa porini, imechemshwa, inauzwa kwa fungu, nikanunua kwa hela yangu kwa sababu Dar siipati. Na ndipo nikaagiza soda, nikaletewa, nikanywa, na wakati wa kuondoka naambiwa dada soda ni yako, elfu moja. Sio elfu moja, ni kanuni. Elfu sabini nimelipa, elfu moja ya soda unanidai mbele ya watu nikiwa na tope mguuni.

Tukiwa tunakula malori ya makaa ya mawe yanapita, kutoka Songea kwenda bandari ya Mtwara, moja nyuma ya lingine, turubai limefungwa kamba, barabara inatetemeka mpaka mchuzi kwenye sahani unacheza. Baba wa Masasi akasema hivi hii si ndo kazi ya treni? Mwalimu akacheka akasema ndo hapo sasa. Akatumalizia hadithi hapohapo mezani, na hii ndo sehemu inayouma.

Reli ilianza upande wa Lindi, kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea, ikafunguliwa 1949. Wakati huo kule mashambani mambo yameshaanza kuharibika. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yamenunuliwa mpaka Ufilipino, mengine walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza viwe matrekta, yanakufa hovyo, spea hakuna. Miti walikuwa wanaing'oa kwa kufunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya mashine mbili kubwa, zinatembea sambamba zinafyeka kila kitu, na bado mibuyu na mizizi inawashinda. Mvua haieleweki. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza mradi umekwisha, hasara pauni milioni 36. Karanga zimekufa 1951. Na sasa sikilizeni: reli ya kutoka Mtwara kuja kuungana na ile ya Nachingwea pale Ruo imekamilika lini? 1954. Bandari ya kina ya Mtwara imefunguliwa lini? 1954 hiyohiyo.

Mama wa Masasi akaacha kula. Akasema kwa hiyo harusi imefanyika bibi harusi ameshazikwa?

Ndivyo. Miaka mitatu karanga zimeshazikwa, ndo treni inafika bandarini. Walikuwa wameshaanza, vyuma vimeshaletwa, wakamalizia tu. Ikabeba korosho, ikabeba mbao, ikabeba watu, wakaongeza na tawi la kwenda Masasi, lakini korosho ni za msimu, mnavuna miezi michache halafu treni inakaa. Mwaka 1962 ikafungwa. Na hapa kuna kitu kingine Mwalimu alikisema taratibu, kwamba Uhuru tumepata Desemba 1961 na treni imekufa mwaka unaofuata, kwa hiyo wazee wengine wanakwambia imekufa kwa sababu ya Uhuru, Mzungu kaondoka nayo. Yeye anasema hapana, ilikuwa inaumwa tangu ilipozaliwa, ila tarehe zimekaa vibaya.

Kitu nilichompendea huyu mzee ni kwamba anatenganisha. Akisema kitu anakuambia hiki nimekiona mwenyewe, hiki baba yangu kanisimulia, baba alikuwa kibarua wa njia, hiki nimekisoma. Treni yenyewe aliipanda mara moja tu akiwa mtoto na mama yake, na anachokumbuka ni mama kamshika kwenye mkanda wa kaptula safari nzima asichungulie dirishani, kwa hiyo wenzake walipomuuliza ameona nini, alikuwa hajaona kitu zaidi ya magunia na goti la mama. Mtu mwingine angetutungia hapo mbuga na simba. Nimeshatembezwa na waongozaji sehemu nyingine, sitaji wapi, mtu anakuonyesha shimo la choo anakuambia ni handaki la watumwa linatokea baharini. Mwalimu ukimuuliza asichokijua anasema hilo sijui, anaendelea kutembea.

Mkwaya sasa. Hapa naomba niwe muwazi, tangazo lao linasema "mabaki ya bandari ya kwanza ya karanga" na ukisoma hivyo unategemea uone kitu. Hakuna cha kupiga picha. Mnafika mkono wa maji unaoingia ndani kutoka Lindi, maji yamekupwa, tope jeusi, mikoko, kaa wanakimbia, mtumbwi mmoja umelala ubavu na mwenyewe yuko juu anafuma nyavu wala hana habari na nyie. Dada wa saluni alirudi kwenye gari baada ya dakika tano. Lakini ukimsikiliza Mwalimu unaanza kuelewa kwa nini Mtwara ilijengwa: meli kubwa haiwezi kuja huku, inasimama huko mbele, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanavutwa mpaka hapa, mzigo unashushwa tena upakiwe kwenye mabehewa. Trekta moja linanyanyuliwa mara ngapi hapo? Na maji yakipwa mnakaa kusubiri. Hapo ndo unaona maana ya gati ambalo meli inakuja kuegemea yenyewe.

Na hapa kaka wa Lindi akafufuka. Akasema sawa mzee, tumekubali Mjerumani hayumo, lakini kubali na wewe kwamba Mtwara mmetuibia. Reli imeanzia kwetu, mmekwenda nayo. Makao makuu ya jimbo yalikuwa Lindi, mmekwenda nayo. Mwalimu akakubali, hakupindisha, akasema kweli kabisa, kabla ya hapo Mtwara kilikuwa kijiji na Lindi ndo mji, karanga ndo zilizogeuza meza, halafu karanga zenyewe zikafa na meza imebaki imegeuzwa. Wakati mkoa ule wa zamani unagawanywa 1971 Lindi ikapata mkoa wake tena. Kaka akasema miaka ishirini hiyo mzee. Wakaanza kupigana utani wa kwenu na kwetu mpaka mvuvi akainua kichwa.

Kituo cha mwisho ni cha njiani mkirudi, shule moja ya msingi, tumeomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu ambaye alikuwepo kwa ajili ya kipindi cha ziada cha darasa la saba. Uwanja umefagiliwa, na kwenye mti, kipande cha reli kimening'inia. Kichwa kinene, shingo nyembamba, chini kumetanuka. Nikakisogelea. Kimepakwa rangi ya bluu ambayo imebanduka pale nondo inapogongea, na pale pamelika pamekuwa bonde dogo linang'aa kama shilingi, chuma chote kina kutu isipokuwa hapo. Mwalimu akanipa nondo. Nikasema mimi sikuwahi kuwa kiranja. Akasema leo umekuwa.

Nimegonga mara tatu, na sauti ni ileile, ile inayokaa hewani halafu inatetemeka mwishoni. Watoto wa darasa la saba wakatoka nje wakidhani ni mapumziko, mwalimu wa zamu akawarudisha, sio kwa furaha. Samahani mwalimu kama unasoma hii.

Niliporudi nyumbani usiku nikamueleza bibi yote, Mahiwa, 1949, 1954, pauni milioni 36. Alinisikiliza vizuri, amekaa kwenye mkeka, ananikanda mguu uliopigwa na upupu. Nilipomaliza akasema kwa hiyo wale walikuwa Waingereza. Nikamwambia ndio bibi. Akasema mbona walikuwa wanafoka vilevile. Kumbe bibi mwenyewe alikuwa msichana wakati huo na amewahi kuuza maandazi kwa vibarua wa njia, na katika miaka yangu yote hakuna siku nimewahi kumuuliza zaidi ya kile kengele ni nini. Tumekaa mpaka saa sita usiku. Huyo sasa ndo nitamrekodi kwenye simu kabla sijarudi Dar, nimeshanunua memori kadi.

Kwa wanaotaka kwenda: nendeni kabla mvua hazijaanza, mana ile njia ya tutani ikinyesha Noah haipiti, na wakati wa msimu wa korosho muulizeni kwanza mwenye shamba atakubali, watu wako kazini. Vaeni suruali, narudia, suruali. Watoto wadogo msiwapeleke, watachoka Mkwaya. Nimesikia wanaandaa safari ya siku mbili mpaka Nachingwea kwenyewe, kwenye mashamba, ambako mpaka leo kuna sehemu inaitwa Farm 17 kutokana na mambo hayohayo na baadaye ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, bei bado hawajapanga. Mimi na mama wa Masasi tumeshaandika majina. Namba zao anayetaka aje inboksi, siziweki hapa hadharani.

Nyota nne. Walikuwa wawe na nyota tano, upupu ningewasamehe, lakini wana elfu moja yangu ya soda.